Jivu la Sindano

Panya alikula pindo la suti ya bwana harusi
Jumanne, siku nne kabla ya ndoa,
ndipo nikapanda kwa Milembe kuomba paka.
Hela alikataa. Alichukua vifungo sita vyeupe
akanikabidhi kiumbe ndani ya mfuko wa sukari,
kichwa nje, macho kama ya mdai.
Kwa ajili ya kucha zake nikamwita Sindano.

Huku Igogo juu hatuna udongo.
Tuna mwamba, na juu ya mwamba, mwamba mwingine,
na katikati pamebanwa chumba changu na cherehani.
Paka wa tambarare hufukua, hufukia, huenda zake.
Sindano alikwaruza jiwe usiku kucha,
kwaru, kwaru, kama mtu anayefuta deni ukutani,
na asubuhi nikakuta jibu lake
juu ya kitambaa cha kaunda suti,
mita tatu na nusu, mali ya mwalimu mkuu.

Nikapasua dumu la mafuta ubavuni,
makali nikayalainisha kwa pasi yasimchane.
Mchanga wa ziwa, niliouleta kwa toroli:
aliunusa, akasikia samaki, akaulamba.
Maranda ya Nkwabi seremala:
aliyalalia. Alijua ni godoro.
Pumba za mpunga zilimganda miguuni,
akazitembeza hadi ndani ya bobini.
Siku ya tano nilisahau kufunika jiko.
Jivu limepoa, laini kama poda ya mtoto;
akaingia humo, akachutama kwa adabu,
akinitazama
kana kwamba mimi ndiye mzito wa kuelewa.

Jivu, basi. Jivu na mchanga, nusu kwa nusu.
Pasi yangu ni ya mkaa, jivu sikosi.
Na dumu lisikaribiane na sahani,
hilo alinifundisha kwa kugoma kula kutwa nzima
(wewe ungekula chooni?),
wala lisikae mlangoni, wateja wanaporuka na viatu.
Liko chini ya meza ya kukatia, penye kiza,
na kila jioni nachota kwa kijiko cha bati,
mimi, fundi Shigela,
niliyeshona majoho ya kwaya tatu.

Chakula nacho ni kesi nyingine.
Maziwa! Kila mtu aliniambia maziwa.
Nusu lita alikunywa, akapangusa masharubu,
na usiku ule dumu lilielemewa.
Milembe akacheka ng'ambo ya ukuta: "Huyo si ndama!"
Ugali aliuzika. Kweli, aliufukia
kwa mkono wa kulia, kwa heshima zote za marehemu.
Dagaa wa Mwaloni walimfaa,
wale wakavu wasioonja chumvi,
nikiwaloweka kwanza mchanga ushuke.
Mapanki nayachemsha, natoa mfupa mmoja mmoja
kwa vidole hivi vya kutungia uzi,
vinanuka sangara hadi kanisani.

Mjini nimeuona mfuko wenye picha ya paka mnene,
ndani punje kavu kama shanga.
Bei yake: suruali mbili na kaptula ya shule.
Nilisoma maandishi ya nyuma, yote,
kisha nikaurudisha rafuni polepole
kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia.

Tangu Minza aondoke sijamchambulia mtu samaki.
Nilidhani mkono umesahau.

Bwana harusi alioa na kiraka, hakuna aliyekiona.
Panya?
Panya bado yupo. Jana nimemsikia darini anatafuna,
Sindano naye amemsikia,
akafumbua jicho moja, akanitazama mimi,
kama vile zamu ni yangu.

Mvua ikipiga mabati na mawe yakianza kutiririka,
nazima taa, nalala upande wa ukutani.
Kisha kutoka chini ya meza,
kwaru, kwaru,
safari hii si ya jiwe. Ni ya jivu.
Navuta shuka.